Umeumizwa na Mtumishi wa Mungu: Mwongozo wa Kupona na Kubaki na Kristo

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeumizwa na mtu uliyemwita baba wa kiroho. Huenda alikula fedha zako kwa jina la sadaka. Huenda alikushika mwili ndani ya chumba cha maombi, akasema ni sehemu ya kufunguliwa. Huenda siri uliyompa ofisini huku unalia uliisikia Jumapili iliyofuata ikihubiriwa madhabahuni. Au alikuamuru uache dawa, uache ndoa, uwakatae wazazi wako. Sasa umetoka, au unatafuta namna ya kutoka, na kinachokutesa zaidi ni kwamba ukipiga magoti kuomba, sauti inayokujia kichwani ni ya kwake.

Neno langu kwako ni moja, na hatua zote zilizo hapa zinatoka humo: kusema ukweli juu ya mtu huyo si kumwacha Mungu. Imani yetu inasimama juu ya Mwana wa Mungu aliyepelekwa kuuawa na wakuu wa makuhani wa siku zake. Yesu anaijua dhuluma inayovaa vazi la dini, na anaijua kutokea upande wa anayedhulumiwa.

Kwa nini jeraha hili ni zito

Tapeli wa sokoni akikuibia, unakwenda kanisani kuombewa. Bosi akikunyanyasa, unamweleza mchungaji. Aliyekuumiza akiwa ndiye mchungaji, unakimbilia wapi? Unapoteza mshauri, marafiki, kwaya, kikundi cha akina mama na majirani wa ibada kwa siku moja. Usiku ule unapoondolewa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, watu uliokula nao sikukuu miaka mingi hawapokei simu yako. Na kwetu kuna hofu nyingine ambayo watu hawaitaji hadharani: nani atanizika? Kanisa ndilo linaloleta viti, kwaya na neno la faraja msibani. Wengi wamevumilia udhalimu mkubwa kwa sababu ya hofu hiyo tu, na hawastahili kuitwa wajinga kwa hilo.

Tena usijilaumu kana kwamba wewe peke yako ndiye uliyedanganyika. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwania kupita kwenye mafuta ya upako. Mwezi Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa kundi moja la dini katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wakiwemo. Kiongozi wa kundi hilo alishtakiwa mahakamani, naye akakana mashtaka. Waliokwenda msituni walikuwa baba na mama wa kawaida, wengine wenye ajira na elimu. Mafundisho ya kukataa shule na hospitali yalikuwa yamewaingia taratibu kabla ya kufika neno la kufunga hadi kufa. Hakuna anayeanza kwa kuombwa kila kitu. Huanza kuombwa kidogo, apongezwe, kisha aogopeshwe.

Kwanza pima: ni upungufu wa kibinadamu au ni unyonyaji?

Haki inataka tutofautishe. Mchungaji aliyesahau kuja kukuona ulipolazwa, au aliyehubiri jambo usilokubaliana nalo, amekukwaza, na mambo hayo huongeleka. Mwongozo huu unahusu kiongozi anayetumia jina la Mungu kuchukua fedha yako, mwili wako au uhuru wako. Jiulize:

☐ Je, kumhoji kuliitwa kumhoji Mungu?
☐ Je, ulitishiwa laana, kifo au utasa ukiondoka au ukisema?
☐ Je, uliambiwa ufanye siri kutoka kwa mume, mke, wazazi au daktari?
☐ Je, baraka ilipangiwa bei?
☐ Je, waliowahi kuondoka hutajwa kwa kusimangwa na kusemwa vibaya?

Hata jibu moja la "ndiyo" latosha kukupeleka kwenye hatua ya kwanza.

KISANDUKU: Maandiko yaliyotumika kukufunga, yasome kwa ukamilifu

*Zaburi 105, ule mstari wa kutowagusa masihi wa Bwana.* Unahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wasafiri wasio na nchi, na Mungu akawakataza wafalme kuwadhuru. Ni mstari unaomlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Na masihi wa Bwana aliyeitwa Daudi alipomchukua mke wa Uria, nabii Nathani alimwendea akamwambia waziwazi kuwa yeye ndiye mkosaji (2 Samweli 12).

*Malaki 3:10, zaka ghalani.* Anza kusoma sura ya 1 na ya 2. Maneno makali ya nabii huyo yanawaelekea makuhani.

*Mama mjane na sarafu mbili, Marko 12.* Anayehubiri sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa vyote ulivyo navyo, huanzia mstari wa 41. Wewe anzia wa 38. Yesu alikuwa ametoka kuwaonya watu juu ya walimu wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, na mara baada ya hapo anaonekana mjane akitoa hadi alichobaki nacho cha kula. Soma mambo hayo mawili pamoja, polepole.

*Mathayo 7, kutohukumu.* Sura hiyohiyo, mstari wa 15 na 16, inatuagiza tuwapime manabii kwa matunda yao.

HATUA YA 1: Okoa mwili na uhai

Kama ulibakwa au ulilazimishwa kingono:

1. Nenda hospitali ndani ya saa 72. Humo ndimo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Utapata pia kinga ya mimba na ya magonjwa ya zinaa.
2. Usioge kwanza, wala usifue nguo ulizovaa. Zitie kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye khanga safi. Mfuko wa plastiki huharibu ushahidi.
3. Tanzania, omba fomu ya PF3 polisi, na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, fomu yake ni P3. Ukiwa na hali mbaya, anza na matibabu, karatasi zifuate.
4. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia nchini Kenya ni 1195. Kwa mtoto, namba ni 116, Kenya na Tanzania.

Ujue kwamba sheria inaitambua hali yako. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtaja kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka. Kenya nayo, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inaadhibu anayetumia nafasi ya kuaminiwa. Kwa hiyo usikubali jambo hili "limalizwe kikanisa". Kikao cha wazee hakina mamlaka ya kufuta jinai, na mzee anayekusihi unyamaze ili jina la Yesu lisitukanwe ajue kuwa lilitukanwa siku ulipodhulumiwa.

Kama uliacha dawa kwa amri ya mtumishi, ziwe za VVU, kisukari, presha au kifafa, rudi kliniki leo. Huhitaji kutunga hadithi. Mwambie muuguzi, "Niliacha kwa sababu niliambiwa nimepona, nataka kuanza tena." Usizirudie mwenyewe kwa kukisia, wacha wakupime kwanza. Kadhalika mtoto aliyetolewa shule, mrudishe.

HATUA YA 2: Funga mlango wa fedha na wa vitisho

Acha kutuma. Usitume ya mwisho, wala ya kumaliza nadhiri, wala ile ya kukombolewa kutoka kwenye laana ya kuondoka. Nadhiri uliyowekewa na mtu kwa vitisho haikufungi mbele za Mungu. Ukipokea ujumbe wa "tuma na ya kutolea, malaika wako anasubiri", usiujibu na usiufute. Utauhitaji katika hatua inayofuata.

Jitoe kwenye makundi ya simu. Huna wajibu wa kwenda kuaga, na hasa usiende peke yako kwenye kile kikao cha "kuombewa kabla hujaondoka". Wengi hurudi kutoka kikao hicho wakiwa wamefungwa upya. Ukilazimika kwenda, nenda na mtu mzima asiye wa kanisa hilo, mchana, mahali pa wazi.

Kama ulikopa ili utoe sadaka, orodhesha madeni yote kwa ukubwa wa riba, ukianza na mikopo ya kausha damu. Nenda kwa kila mkopeshaji, ukiwa na ndugu, uombe ratiba ya kulipa. Usikope kwa mmoja kumlipa mwingine. Kama hati ya kiwanja, kadi ya gari au kadi ya benki iko mikononi mwa huduma hiyo, tafuta mwanasheria kabla hujaidai kwa maneno. Kuna msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo: Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na Kenya ya mwaka 2016, na vyama kama TAWLA na FIDA-Kenya vina uzoefu wa kesi za wanawake.

HATUA YA 3: Andika

Sababu ni mbili. Mtu aliyeumizwa hukumbuka vipandevipande, na upande wa pili utakuambia umeota. Tena moyo hupata nafuu jambo linapotoka kifuani likakaa kwenye karatasi.

Nunua daftari. Chukua mfano wa mama anayeuza vitenge, aliyetoa mtaji wake wote kwenye mkesha. Ukurasa wake wa kwanza unaweza kuwa hivi:

*Ijumaa, mkesha, kama saa nane usiku. Mtumishi alisema kuna mwanamke hapa ambaye mwanawe atapata ajali asipojimaliza. Alikuwa ananitazama mimi. Dada wa upande wangu alisikia. Nilituma 850,000 kwa namba aliyoitangaza, jina lililotokea kwenye simu ni la mtu, si la kanisa. Nilitetemeka. Nyumbani sikusema.*

Ona kilichomo: siku, saa, maneno yenyewe, shahidi, kiasi, jina lililotokea, na alivyojisikia. Hakuna matusi, hakuna tafsiri. Andika hivyo. Kisha omba kwa mtandao wako wa simu au benki taarifa ya miamala ya miezi husika, na unakili jumbe na sauti zote kwenye simu ya mtu unayemwamini.

HATUA YA 4: Mwambie mtu mmoja

Mmoja tu kwanza. Awe mtu asiyefaidika na kanisa hilo, anayetunza siri, asiyeharakisha kukupa mistari. Anaweza kuwa shangazi, rafiki wa kazini, mchungaji mstaafu wa kanisa jingine, muuguzi, au mshauri nasaha wa hospitali. Mwambie kabla hujaanza: "Sitaki ushauri leo, nataka unisikilize."

Usianzie Facebook wala TikTok. Najua hasira ilivyo, na najua mitandaoni utapata watu wa kukuunga mkono ndani ya dakika. Lakini watakuja pia wafuasi wake kukushambulia, na video yako inaweza kugeuzwa kesi dhidi yako chini ya sheria za makosa ya mtandao, ile ya Tanzania ya mwaka 2015 na ya Kenya ya mwaka 2018. Shauriana na mwanasheria kabla ya kutangaza.

HATUA YA 5: Peleka malalamiko panapostahili

Utaambiwa kwamba kusema ni umbea. Katika waraka wake wa tatu, Yohana alimtaja Diotrefe kwa jina, mtu aliyependa kuwa wa kwanza na aliyewafukuza waumini kanisani, akaahidi kuyaanika matendo yake. Paulo naye alimwelekeza Timotheo kupokea mashtaka dhidi ya mzee kwa mashahidi wawili au watatu, na anayedumu kukosa akemewe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20). Kanisa la kwanza lilikuwa na utaratibu wa kumwajibisha kiongozi.

Ni wapi pa kwenda?

Kanisa lako likiwa na ngazi, kama KKKT, Anglikana, Moravian au AIC, andika barua kwa ngazi iliyo juu ya anayelalamikiwa, yaani jimbo, dayosisi au ofisi ya askofu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa Mkatoliki, Papa Fransisko alitoa mwaka 2019 sheria iitwayo Vos estis lux mundi, inayolitaka kila jimbo liwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko ya udhalilishaji, na inayokataza mlalamikaji kunyamazishwa. Una haki ya kuuliza jimboni kwako njia hiyo ni ipi.

Huduma ikiwa ya mtu mmoja, asiye na askofu wala baraza juu yake, mlango ulio wazi ni wa serikali. Tanzania, dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Kenya, kwa Msajili wa Vyama. Wizi, utapeli na vitisho vipeleke polisi ukiwa na daftari lako.

Utakumbushwa Mathayo 18, kwamba umwendee ndugu yako mkiwa wawili tu. Andiko hilo linazungumza juu ya ndugu na ndugu. Halimtaki binti aliyedhalilishwa ajifungie tena chumba kimoja na aliyemdhalilisha.

Huenda hutasikilizwa mara ya kwanza. Hilo lisikufanye uone kwamba uliyoandika si kweli.

HATUA YA 6: Upe mwili nafasi ya kupona

Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, na yalianza kwa swali (1 Wafalme 19). Mfuate hapo. Kama kwa miaka mingi ulikesha Jumatano na Ijumaa na kufunga kila wiki, mwili wako unadai usingizi na chakula. Sitisha mifungo kwa muda. Kula kwa wakati, lala mapema, tembea jioni, kaa na wanao.

Moyo kwenda mbio ukisikia spika za mkutano wa injili, ndoto mbaya, kushtuka, kulia bila sababu, yote hayo ni jeraha linalojieleza, na yanatibika. Usiyaite mapepo. Yakidumu wiki kadhaa, muone daktari au mshauri nasaha katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ukifikiria kujiua, usilale peke yako na wazo hilo: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi akupeleke hospitali.

HATUA YA 7: Kuomba tena, kidogokidogo

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo ningependa uende taratibu kuliko kote.

Anza na Zaburi za manung'uniko. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na inaanza kwa mwombaji kumuuliza Mungu atamsahau hata lini. Zaburi ya 55 ni ya mtu aliyesalitiwa na rafiki waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Isome, uone jinsi inavyokujua. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila shukrani ya mwisho, na bado ni sala iliyokubaliwa kuwamo katika Biblia. Ukiwa na hasira na Mungu, mwambie Mungu mwenyewe. Ayubu alifanya hivyo, na mwishoni waliokemewa ni rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu kwa maneno matamu.

Ili sauti ya yule mtu ipungue kichwani, badilisha namna ya kuomba. Kama mlikuwa mkiomba kwa kupaza sauti na kutembea, kaa kimya kwenye kiti. Kama aliomba kwa Kiswahili cha jukwaani, omba kwa lugha ya mama yako, Kisukuma, Kikamba, Kitaita au Kinyakyusa, kwa maneno ambayo bibi yako angeyaelewa. Imba wimbo uliojifunza utotoni kabla hujamjua. Ukishindwa kabisa, sema jina la Yesu mara moja, kisha lala.

Baada ya hapo soma Injili ya Luka, kifungu kimoja kwa siku, na uwe na swali moja tu: Yesu anamtendea nini mtu aliyeumizwa? Ukifika sura ya 24, kaa hapo siku kadhaa. Wanafunzi wawili wanaondoka Yerusalemu, wamekata tamaa, na wanalisema jambo lenyewe: wakuu wa makuhani na viongozi wetu walimtoa auawe, nasi tulikuwa tumetumaini. Yesu anaungana nao njiani wakiwa wanaondoka. Anawauliza kulikoni, ilhali anajua. Anawaacha waseme hadi wamalize. Hawaamuru warudi. Anatembea nao kuelekea wanakokwenda, anaingia ndani kukaa nao, anamega mkate, na wanamtambua wakiwa mezani. Kama wewe pia umeondoka na hujui unakwenda wapi, njia hiyo Kristo anaipita.

HATUA YA 8: Msamaha, bila kuharakishwa

Mambo matatu huchanganywa makusudi, yatenganishe.

Kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi kwa mkono wako na kumwachia Mungu hukumu. Hilo ni kati yako na Mungu, na laweza kuchukua miaka. Halikuzuii kutoa ushahidi mahakamani.

Kupatana kunahitaji wawili, na kunahitaji toba. Zakayo alipotubu alitaja nusu ya mali kwa maskini na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Toba yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Mtumishi anayelia mbele ya kamera bila kurudisha hata shilingi bado hajafika huko.

Kurudishiwa madaraka ni jambo jingine kabisa. Mungu anaweza kumsamehe mtu leo, na mtu huyo asishike tena kipaza sauti wala funguo za ofisi maisha yake yote.

HATUA YA 9: Kutafuta kanisa

Usikimbie. Wiki za kwanza, ibada ya nyumbani na mtu mmoja au wawili inatosha. Ukiwa tayari, tembelea, kaa nyuma karibu na mlango, toa sadaka ndogo ya kawaida, na usipokee huduma yoyote, hata kama una kipaji cha kuimba na wanakikosa. Jipe miezi. Katika muda huo uliza maswali haya, na utazame uso wa anayekujibu:

☐ Akaunti ya kanisa ina saini za watu wangapi? Kuna ndugu wa mchungaji humo?
☐ Mapato na matumizi husomwa kwa waumini?
☐ Ni nani anayeweza kumwondoa mchungaji, na limewahi kutokea?
☐ Ushauri kwa wanawake na watoto hufanyika wapi, na nani mwingine huwapo?
☐ Mtu akihama, husemwaje?
☐ Naweza kusema hapana, na Jumapili ijayo nisalimiwe kama kawaida?

Mchungaji mwema hatachukia maswali hayo. Wako wengi, wanaozika watu kwenye mvua, wanaogawa mshahara mdogo na wajane, wasiojulikana runingani. Ubaya wa aliyekuumiza usikunyime wema wao.

Makosa yanayowarudisha watu nyuma

Kubwa kuliko yote ni kukimbilia nabii mwingine akuvunjie laana aliyokutamkia wa kwanza. Utalipia hiyo nayo. Kristo alishaichukua laana (Wagalatia 3:13), na hakuna mchungaji aliyekabidhiwa akiba yake.

Mengine: kujipangia tarehe ya kuwa "nimeshapona", kuwakataza watoto wasisali kwa sababu wewe umeumia, kuwaita wapumbavu wenzako waliobaki kule. Siku wakitaka kutoka, watamtafuta mtu ambaye hakuwatukana.

KISANDUKU: Kwa wewe unayemsindikiza aliyeumizwa

Sema: "Nakuamini." "Haikuwa haki." "Unataka twende wote hospitali?"

Usiseme: "Kwani ulikuwa unafanya nini ofisini kwake saa hiyo?" "Samehe tu usonge mbele." "Nawe ungeomba ishara."

Kama wewe ni mzee wa kanisa, soma habari za Eli. Watu walimletea malalamiko ya kweli juu ya wanawe makuhani, waliopora nyama za sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli aliwakemea kwa maneno, akawaacha kazini. Mungu alimhesabia hatia kwa sababu alijua na hakuwazuia (1 Samweli 2 na 3). Msimamishe anayelalamikiwa uchunguzi ukiendelea, na uchunguzi huo ufanywe na watu asiowateua yeye.

Ukiwa na nguvu ya jambo moja tu leo

Huna haja ya kuzishika hatua zote tisa wiki hii. Kama uko hatarini au ulidhalilishwa, leo ni hospitali. Kama uliacha dawa, leo ni kliniki. Kama ni fedha, leo usitume. Na kama yote hayo yameshapita na kilichobaki ni uchungu, mtafute leo yule mtu mmoja wa kukusikiliza, na usiku usome Zaburi ya 13 kwa sauti yako mwenyewe.